Masisi na Walikale: nani ana haki ya kuitwa muuguzi?

Katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale, kila mtu anayeshika sindano anaitwa munganga. Awe docta wa hospitali kuu, awe muuguzi wa kituo cha afya, awe kijana anayeuza dawa sokoni, jina ni lile lile. Mama anayefika usiku na mtoto mwenye homa kali haulizi diploma. Anauliza kama dawa iko, na kama anaweza kulipa kesho.

Ndiyo maana swali la nani anaruhusiwa kujiita muuguzi linatuhusu sisi wote. Vita vimelifanya kuwa zito zaidi. Mwezi wa kwanza 2025 M23 iliingia Masisi-centre, na mwisho wa mwezi ule ule ikaingia Goma, pahali ofisi ya afya ya jimbo iko. Mwezi wa tatu ikafika Walikale-centre, kisha ikatoka mwanzoni mwa mwezi wa nne. Kila watu wakikimbia, wauguzi nao wanakimbia na familia zao. Na pale muuguzi anapotoka, haikawii mtu mwingine anavaa bluzi nyeupe.

Sheria inasema nini

Kwenye karatasi, jibu ni fupi. Tarehe 15 mwezi wa saba 2016 nchi yetu ilipata sheria namba 16/015 inayounda Ordre des Infirmiers, chombo cha kusimamia kazi ya uuguzi. Kufuatana na sheria hiyo, diploma peke yake haitoshi. Mwenye diploma anapaswa kuandikishwa katika daftari la Ordre, na Ordre inaweza kumwadhibu akivunja kanuni za kazi. Asiyekuwa katika daftari hilo hana ruhusa ya kufanya kazi ya uuguzi.

Wazo hilo si geni kwa majirani. Kenya, Uganda na Tanzania zina mabaraza ya wauguzi yanayoandikisha watu na kuwapa leseni. Tofauti ni kwamba kwetu, kati ya daftari la Ordre na mgonjwa wa Itebero au Katoyi, kuna msitu, barabara mbovu na barriere za watu wenye silaha. Teritware ya Walikale peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 23.000, karibu sawa na Rwanda nzima, na imegawanywa katika kanda nne tu za afya: Walikale, Kibua, Pinga na Itebero. Masisi ni ndogo zaidi, lakini milima yake na mapigano vinafanya safari ya saa mbili iwe ya siku mbili.

A2, A1, A0: jina moja, masomo tofauti

Hata kati ya wauguzi wa kweli kuna ngazi. A2 amesoma ITM, shule ya ngazi ya sekondari. A1 amesoma ISTM miaka mitatu baada ya diplome d'État, na A0 ameongeza mingine miwili. Wazee wanakumbuka pia A3, wasaidizi waliosoma muda mfupi na kubeba kazi kubwa kwa miaka mingi.

Kazi hiyo kubwa ina historia. Congo ilipopata uhuru 1960, haikuwa na daktari mzalendo hata mmoja. Walikuwepo assistants médicaux na wauguzi, na Wabelgiji walipoondoka ndio waliobaki na wagonjwa. Baadhi ya assistants médicaux walipelekwa Ufaransa kumalizia masomo ya udaktari, lakini vijijini muuguzi alibaki peke yake. Mpaka leo kituo cha afya kinaongozwa na muuguzi, yule tunayemuita titulaire. Ndiye anayepima, anayeandika dawa, na ndiye anayeamua kama mama abebwe kwa kipoyi mpaka hospitali au abaki.

Kwa hiyo kwetu jina la muuguzi lina uzito kuliko kule Ulaya. Kule muuguzi yuko pamoja na daktari. Katika groupement nyingi za Walikale, muuguzi ni wa kwanza na pia ni wa mwisho. Jina likiibiwa, mgonjwa hana mlango mwingine wa kupiga hodi.

Sindano moja inaweza kuharibu maisha

Tuchukue mifano mitatu ambayo kila titulaire anaijua.

Kinini inayodungwa kwenye makalio na mtu asiyejua inaweza kuumiza mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Malaria inapona, lakini mtoto anabaki akichechemea. Wazazi wanaweza kudhani ni uchawi au ni polio, kumbe ni ile sindano.

Kuna pia dawa ya kuharakisha uchungu, ocytocine. Muuguzi au mkunga aliyesoma anaiogopa, juu anajua ikitolewa vibaya tumbo la uzazi linaweza kupasuka, na mama na mtoto wakafa mbali na chumba cha upasuaji. Asiyesoma anaona tu kwamba inafanya mama azae haraka, na familia inamsifu.

Mfano wa tatu ni wa jimbo letu zima. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018 ilikamata watu zaidi ya 3.400 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini, na zaidi ya 2.200 walikufa kabla haijatangazwa kwisha mwezi wa sita 2020. Mwisho wa 2018, wachunguzi wa OMS walijiuliza kwa nini Beni ilikuwa na watoto wengi wenye Ebola. Sehemu moja ya jibu ilikuwa katika vituo vidogo vinavyoitwa tradi-moderne. Watoto walipelekwa huko juu ya malaria, wakapigwa sindano bila usafi unaotakiwa, na virusi vikapita. Mwezi wa nane 2019 ugonjwa ulifika mpaka Pinga, hapa kwetu Walikale.

Basi muuguzi wa uongo si shida ya mteja wake peke yake. Anaweza kuwa shida ya kanda nzima ya afya.

Kwa nini watu wanaenda kwao?

Hapa tuseme ukweli. Watu hawaendi kwa munganga wa sokoni kwa ujinga. Wanaenda juu yuko karibu, anafungua usiku, anakubali deni, anakubali hata kuku. Hospitali inaweza kumzuia mgonjwa aliyepona mpaka familia ilipe, na hofu hiyo inafukuza watu. Pahali matunzo ni ya bure, kama ilivyokuwa kwa miaka mingi katika hospitali kuu ya Masisi, inayosaidiwa na MSF tangu 2007, wagonjwa wanatoka mbali kutafuta wauguzi waliosoma. Hiyo inaonyesha kwamba watu wanajua tofauti. Wanachokosa ni njia na franga.

Tena muuguzi mwenye diploma naye ana shida yake. Wengi hawako kwenye liste ya mshahara wa serikali. Wanaishi na kile mgonjwa analipa. Muuguzi asiyelipwa akiona soko la Rubaya au njia ya machimbo ya Walikale lina franga kuliko kituo chake, atafungua duka la dawa huko, na kituo kitabaki kwa msaidizi. Huyo msaidizi, baada ya miezi sita, ataitwa munganga. Hakuiba jina. Walimpa.

Ndiyo maana wengine wanasema: acheni sheria ya Kinshasa, huku ni vita, mwenye kusaidia asaidie. Hoja hii ina nguvu. Ukifunga leo kila nyumba inayopiga sindano bila ruhusa, kuna vijiji vitakavyobaki bila mtu hata wa kufunga kidonda.

Kusaidia bila kudanganya

Lakini tayari tuna mfano unaojibu hoja hiyo, na uko katika vijiji vyetu wenyewe. Ni relais wa sites za matunzo ya kijiji. Hawana diploma ya uuguzi. Wamefundishwa kutunza watoto wa chini ya miaka mitano wenye malaria ya kawaida, kuhara au kichomi, kwa dawa chache wanazopewa, na kuwatuma kituoni wakiona alama za hatari. Hawapigi sindano na hawajiiti wauguzi. Titulaire anawajua na anawafuata.

Hapo ndipo tunaona njia. Kijiji kinaweza kuwa na msaidizi bila kuwa na muongo. Kinachotakiwa ni kila mtu kubeba jina lake la kweli na kazi yenye mpaka. Jina la muuguzi libaki kwa mwenye diploma aliyeandikishwa. Msaidizi aitwe msaidizi, na ajulikane kazi ambazo hagusi: sindano za kinini, ocytocine, kuongeza damu. Akitaka kupanda, apewe nafasi ya kusoma.

Sheria nayo isiwe barriere nyingine ya kulipisha. Muuguzi aliyemaliza ITM na diploma yake ikaungua pamoja na nyumba bado ni muuguzi. Madaftari ya shule, majina ya jury, wenzake waliosoma naye na mtihani wa kazi mbele ya médecin chef de zone vinaweza kuthibitisha. Kumtuma apande gari mpaka Goma au Kinshasa, avuke mistari ya vita ili kutafuta muhuri, ni kumsukuma kwenye soko la dawa. Ordre inapaswa kuteremka mpaka bureau central ya kila kanda. Na wakubwa wowote wanaoshika eneo, wa upande wowote, wasigawe kazi ya uuguzi kama zawadi kwa watu wao. Virusi havina upande.

Kitu kimoja kinaweza kuanza hata kesho, bila kungoja vita viishe: liste ukutani. Kila kituo cha afya kibandike mlangoni majina ya wanaofanya kazi ndani, na ngazi ya kila mmoja: A1, A2, mkunga, msaidizi, relais. Chef wa localité na CODESA wapate kopi. Wengine wataona haya jina lao likiandikwa "msaidizi". Lakini haya hiyo ni ndogo kuliko kaburi la mtoto.

Na wewe mzazi unayesoma haya, una haki ya kuuliza kabla ya sindano: ulisomea wapi? Hii ni dawa gani? Ikikataa, tutaenda wapi? Muuguzi aliyesoma hatakasirika, juu alifundishwa kujibu. Anayekufukuza kwa sababu umeuliza amekwisha kukujibu.