Makaa ya Meghalaya: Mwenye ardhi analindwa, mchimbaji je?

Meghalaya ni jimbo dogo la vilima kaskazini-mashariki mwa India, mpakani na Bangladesh, na makaa ya mawe yaliyo chini ya shamba huko ni mali ya mwenye shamba. Kwingine nchini humo migodi ya makaa ilitaifishwa mwaka 1973. Meghalaya ardhi imebaki mikononi mwa koo na familia za Wakhasi, Wajaintia na Wagaro, ambao desturi zao zinalindwa na katiba ya India, na kwa miongo kadhaa serikali ya jimbo ilikaa kando ikawaachia wenyewe kazi ya uchimbaji. Haki hiyo ya wenyeji naiunga mkono kwa moyo wote, maana jamii nyingi duniani zimeporwa madini yao mchana kweupe kwa jina la maendeleo ya taifa. Ninachokipinga ni pale haki ya kumiliki ilipogeuzwa ruhusa ya kuchimba bila kuulizwa na mtu.

Matokeo yake yanaonekana ndani ya shimo lenyewe. Matabaka ya makaa katika vilima vya Jaintia ni membamba, mengine hayafiki hata nusu mita, kwa hiyo mitambo mikubwa haiwalipi wenye migodi. Kwanza huchimbwa shimo la kwenda chini moja kwa moja, kisha pembeni hutobolewa vijia ambavyo mtu mzima hawezi kusimama ndani yake, na ndiyo sababu wenyewe huviita mashimo ya panya. Mchimbaji huingia akitambaa, sururu mkononi na tochi kichwani, hukwangua makaa akiwa amechutama au kulala ubavu, kisha husukuma kitoroli mpaka kwenye shimo kuu, ambako kreni huyapandisha juu. Ramani ya kumwonyesha alipo mgodi wa zamani uliojaa maji hana. Tarehe 13 Desemba 2018, huko Ksan katika vilima hivyo vya Jaintia, maji yalifurika mgodini na kuwanasa wachimbaji wapatao 15. Wapiga mbizi wa jeshi la majini waliletwa, pampu zikavuta maji wiki baada ya wiki, lakini mpaka juhudi hizo zinasitishwa ilikuwa imeopolewa miili miwili tu. Wengi wa waliopotea walikuwa vibarua kutoka vilima vya Garo na jimbo jirani la Assam, watu wasiomiliki hata kipande cha ardhi ile.

Madhara hayaishii kwa kibarua. Makaa ya huko yana salfa nyingi, na yakikutana na hewa na maji hutoa tindikali inayotiririka mtoni. Samaki wametoweka katika mito kadhaa ya Jaintia, na Mto Lukha hugeuka buluu wakati wa kipupwe. Mto Kopili nao hubeba tindikali hiyo hadi Assam, ambako imekula vyuma vya mitambo ya umeme wa maji. Malalamiko ya chama cha wanafunzi wa Kidimasa, wakazi wa upande huo wa Assam, ndiyo yaliyoifanya mahakama ya mazingira ya India ipige marufuku uchimbaji wa mashimo ya panya mwezi Aprili 2014. Mto hauna habari na mipaka ya shamba la mtu. Hoja kwamba mwenye ardhi ajiamulie peke yake inaanguka hapo hapo, kwa sababu anayekunywa maji yale hakushirikishwa.

Watetezi wa uchimbaji wanauliza: watu wale nini? Swali ni la haki. Marufuku ya 2014 iliwakata riziki madereva, wapakiaji, mama lishe na wenye maduka kwa siku moja, na bila njia nyingine ya kuishi watu walirudi shimoni kwa kificho. Ksan ilitokea miaka minne baada ya marufuku. Januari 2025 maji yakawafunika wachimbaji wengine huko Umrangso, Assam, katika mgodi wa aina ile ile. Zipo njia nyingine, tena nzuri: manjano ya Lakadong, yanayolimwa kwenye vilima hivyo hivyo vya Jaintia, yana kiwango kikubwa zaidi cha kurkumini, kiambata kinachoyapa rangi yake, kuliko manjano ya kawaida, na mwaka 2020 mwalimu Trinity Saioo alipewa nishani ya taifa ya Padma Shri kwa kuwaongoza mamia ya wanawake katika kilimo chake. Hata hivyo sitadai kwamba manjano yatafidia fedha zote za makaa. Hayatafidia.

Kwa hiyo siombi marufuku nyingine ya karatasi. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya India ilikubali kwamba makaa ni mali ya mwenye ardhi, lakini ikasema hawezi kuyachimba bila leseni na bila kufuata sheria za usalama migodini. Huo ndio msingi wa haki. Wapo watakaolalamika kwamba leseni ni ghali na itawanufaisha matajiri peke yao. Basi ukoo wenye mashamba yanayopakana na uruhusiwe kuomba leseni moja kwa pamoja, na serikali iwalipie wataalamu wa kupima na kuchora ramani za migodi iliyoachwa. Kabla sururu ya kwanza haijagusa mwamba, kila kibarua aandikishwe kwa jina lake na kukatiwa bima, na fedha za kusafisha mto ziwe zimekwishawekwa benki.