Baka Jekundu Kwenye Kope: Jicho Halisubiri

Baada ya swala ya Ijumaa alitujia mama mmoja na mwanawe wa miezi mitatu. Kwenye kope la kushoto la mtoto palikuwa na baka jekundu, laini, lililovimba hata jicho likafunguka nusu. Alipozaliwa kilikuwa kidoa tu. Bibi zake walimtuliza: “Ni alama, mwanangu; itaondoka yenyewe.”

Kauli hiyo ina ukweli, nasi hatuwabezi wazee. Uvimbe huu ni vijishipa vya damu vilivyoota kupita kiasi. Si saratani, wala hautokani na mama kutamani kitu alipokuwa mjamzito. Hukua kwa kasi katika miezi ya mwanzo, kisha hunywea taratibu kwa miaka. Ukiwa mgongoni, aghalabu kusubiri hakuna dhara.

Kope, hata hivyo, lina hukumu yake. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo ya uhai. Uvimbe ukifunika mboni, au ukilikandamiza jicho hata umbo lake likapotoka, ubongo hupokea picha hafifu na mwishowe hulipuuza jicho hilo. Baka litaondoka, lakini uoni huenda usirudi. Wala mtoto hatalalamika, kwani jicho la pili linamtosha.

Tiba ipo. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza kwamba propranololi, dawa ya zamani ya moyo, huunyausha uvimbe huu. Waliligundua hilo kwa sadfa. Mtoto hupewa dawa ya maji chini ya uangalizi wa daktari, naye awe amenyonya, kwani huweza kushusha sukari ya damu na mapigo ya moyo. Kamwe tusimkatie mtoto vidonge vya babu mwenye shinikizo la damu. Jicho lililokwisha dhoofika huhitaji miwani, au kuzibwa lile zima kwa saa kadhaa kila siku ili dhaifu lifanye kazi.

Mama yule tulimsihi amwone daktari wa macho wiki hiyo hiyo. Nanyi kina baba, nauli ya safari hiyo ni katika matunzo yaliyo juu yenu. Kutawakali hakuzuii kutafuta tiba, na macho ya mtoto ni amana mikononi mwetu.

Wallahu a’alam.