Kumlilia Tajiri Asiyekujua: Hayati Kirubi na Vijana wa Kawangware 56

Hayati Chris Kirubi alipofariki dunia tarehe 14 Juni 2021, baada ya kuugua saratani, magazeti yalijaa rambirambi za wakubwa. Hilo si ajabu, kwani wakubwa huliliana. Lililonishangaza mimi ni huzuni niliyoikuta Kawangware 56, mtaa wa Nairobi uliopata jina kwa nambari ya matatu. Hapo msukuma mkokoteni na muuza mitumba walimtaja marehemu kama mtu amtajavyo mjomba wake. Wengi wao hawakupata kumwona kwa macho. Hata mazishini wasingeweza kwenda, maana siku zile za korona idadi ya waombolezaji iliwekewa mpaka.

Wapo waliowacheka. Walisema kumlilia tajiri asiyekujua hata jina ni ujinga wa mlalahoi. Mimi sikubaliani nao. Mtu halii bure, na ukitaka kujua amelilia nini, tazama kwanza alikuwa akipewa nini.

Kirubi alizaliwa mwaka 1941, sehemu za Murang'a, akafiwa na wazazi angali mdogo. Kazi zake za mwanzo zilikuwa katika kampuni ya Shell, akitengeneza mitungi ya gesi, na baadaye akaingia Kenatco, shirika la serikali la usafirishaji. Katika miaka ya 1970 alianza kununua majumba makuukuu ya Nairobi, akayakarabati, na humo ndimo mali yake ilimoota mizizi. Baadaye alimiliki Haco, iliyotengeneza kwa miaka mingi kalamu za Bic walizoandikia watoto wetu shuleni, pamoja na redio ya Capital FM. Katika kampuni ya uwekezaji ya Centum, hakuna mtu binafsi aliyekuwa na hisa nyingi kumshinda.

Lakini matajiri ni wengi, na wengi wao wakifa hakuna wa 56 anayejua. Huyu alijulikana kwa sababu alizungumza. Uzeeni alikuwa akitangaza muziki redioni kwa jina la DJ CK, akienda vyuoni kuwahimiza wanafunzi, na akijibu maswali ya vijana katika mtandao wa Twitter. Kawangware imepakana na Lavington, mtaa wa wenye nazo, na kijana wa 56 huyaona magari ya fahari yakimpita kila siku bila ya kioo kuteremshwa. Kwa hiyo tajiri anayemjibu yeyote amuulizaye, japo kwa maneno machache, si jambo dogo. Walichokililia vijana wale ni kioo kilichoteremshwa.

Hata hivyo, ndugu msomaji, mapenzi yasitufumbe macho. Marehemu hakuwa malaika. Alipata kuwa mwenyekiti wa maduka ya Uchumi, yaliyofunga milango mwaka 2006. Alishtakiwa pamoja na wenzake, na mahakama ikawaachilia. Lakini linalonishughulisha zaidi ni somo ambalo vijana walilichukua katika maisha yake, yaani kwamba mwenye bidii hukosa nini?

Bidii ilikuwa yake, lakini mlango ulikuwa wa zama zake. Baada ya uhuru, serikali ilikusudia kuutia uchumi mikononi mwa Waafrika. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, na Wahindi wengi wakahamia Uingereza. Mikopo ikaelekezwa kwa Waafrika. Hata Centum yenyewe ilianzishwa mwaka huo huo wa 1967, chini ya shirika la serikali la ICDC, ili mwananchi apate kumiliki hisa za makampuni. Naam, ngazi aliyoipanda Kirubi ilikuwa na wafundi wake.

Je, kijana wa 56 ana ngazi gani leo? Mnamo Novemba 2022 serikali ilizindua Hazina ya Hustler, na mkopo wake huanzia shilingi 500. Kwa fedha hizo mtu hununua mafungu machache ya sukuma wiki, lakini hanunui nyumba kuukuu akaikarabati. Tena mkopo wenyewe una riba ya asilimia 8 kwa mwaka, jambo ambalo Mwislamu wengi hulikimbia. Nasaha anazo tele simuni mwake, lakini wahenga walisema mkono mtupu haulambwi.

Sisi wa Pwani tuna mfano wetu wa matajiri wa mbali. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Haroub, na Aga Khan wa Tatu, pamoja na jamii ya Mabohora na serikali ya kikoloni, walichangia ujenzi wa chuo cha ufundi cha Waislamu Mombasa, MIOME, kilichofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Vijana waliosomea umeme na uhandisi wa meli pale hawakupata kuketi na Sultani wakanywa kahawa. Lakini walishika bisibisi na patasi, na mahali penyewe pangalipo. Tangu mwaka 2013 pamekuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Sisemi kwamba Kirubi hakutoa. Hesabu hiyo ni yake na Mola wake. Nasema kwamba tumefundishwa tangu chuoni kuwa vichache vinavyobaki na maiti ni pamoja na sadaka isiyokatika na elimu inayowafaa watu. Marehemu aliwaachia vijana maneno, nayo ni sehemu ya elimu. Sehemu iliyobaki ni ya walio hai, nao ni wenye majumba, wenye hisa na wenye mashamba ya wakfu, huko Nairobi na hapa petu. Kijana wa 56, na wa Kisauni vilevile, hahitaji tajiri mwingine wa kumvutia kwa mbali. Anahitaji karakana, mtaji usio na riba, na mtu mzima wa kumsimamia mpaka asimame. Wenye uwezo waanze sasa, wasingoje kuandikiwa rambirambi.