Waacheni watoto wamuulize Shemwindo

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa hapa mjini alinitumia ujumbe kwenye telefone, mrefu kama barua ya kuomba kazi. Anasema ninapoteza umeme wa redio. Watu wamefukuzwa kwao, unga unapanda bei, na mimi kila Ijumaa jioni ninawapa watoto mikro wabishane kuhusu mtu aliyezaliwa kupitia kidole cha mama yake. "Ni mafumbo ya uongo na hayana jibu," ameandika. "Wafundishe kitu."

Papa mwalimu, kwa heshima yote, ninakujibu hapa hapa, kwa sababu wengine wawili wameniambia maneno kama yako.

Kwanza kwa wale ambao hawakusikia. Kambi za pembeni ya Goma zilipobomolewa mwezi wa pili 2025, familia nyingi hazikufika nyumbani. Zingine ziko kwa ndugu, kumi na mbili ndani ya vyumba viwili. Katika parseli moja upande wa Ndosho kuna mama mzee aliyetoka Walikale. Jioni, sombe ikiwa motoni, anawasimulia watoto habari za Mwindo. Nilikwenda pale kutafuta habari ya maji, nikakuta watoto kumi na tano wanagombana kama mawakili. Maji niliyasahau, nikawasha kirekodi.

Simulizi yenyewe si ndogo. Mwaka 1956, mzee wa Kinyanga aitwaye Candi Rureke aliisimulia, akaiimba na kuicheza kwa siku kumi na mbili mbele ya Mbelgiji Daniel Biebuyck. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene wakaitoa kwa kitabu. Mwaka 1978 Biebuyck akatoa kitabu kingine chenye masimulizi mengine ya Wanyanga, na hayafanani na lile la Rureke. Kwa hiyo anayedai kwamba watoto wanaharibu simulizi moja iliyo safi, aniambie ni ipi.

Sasa maswali. Shemwindo, chifu wa Tubondo, anaoa wanawake saba na kuwaamuru wazae wasichana tu. Atakayezaa mvulana, mtoto atauawa. Kwa nini? Pale amri inapotolewa, sababu haielezwi. Mvulana mmoja wa Masisi anasema ni mahari: msichana analeta mbuzi, mvulana anaondoa mbuzi. Mwenzake akamkatalia palepale: mtu aliyeweza kuoa wanawake saba anaogopa mbuzi gani? Huyo chifu anaogopa kiti chake. Wa tatu, ambaye hajafika hata miaka tisa, akasema labda Shemwindo naye baba yake alimfanyia vibaya. Hilo sikulitegemea. Mama mzee alinyamaza, akaongeza kuni.

Lakini dhana iliyonifanya niandike leo ni ya msichana wa miaka kama kumi na tatu. Anasema mwenye utawala wa kweli Tubondo ni Iyangura, shangazi ya Mwindo, wala si Shemwindo wala Mwindo. Watoto wakamcheka. Nikamuuliza: hayo umeyatoa wapi ndani ya hadithi? Akahesabu kwa vidole. Baba anapomfungia mtoto ndani ya ngoma na kumtupa majini, ngoma inakwenda kwa shangazi. Tubondo ikiwa imejaa maiti, ni shangazi anayemwambia Mwindo awafufue watu. Na baba akirudishwa kutoka chini ya ardhi, watatu wanakalia viti vya shaba vilivyoshuka kutoka juu: katikati anaketi nani? Iyangura.

Nilikwenda kuangalia. Ni kweli, shangazi yuko katikati. Mimi simulizi hii nimeijua tangu utoto na jambo hilo sikuwahi kuliona.

Papa mwalimu, kama huko si kufundisha kitu, basi mimi sijui kufundisha ni nini. Huyo mtoto amekosa shule mara tatu kwa sababu ya vita, na bado anajua tofauti ya "ninadhani" na "imeandikwa hapa". Kuna wakubwa wenye diploma ambao hawaijui.

Mnakumbuka Jumamosi ile, tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka? Siku tano baadaye amri ikatoka kwamba kartiye kumi za mji zihame. Nani hakupata ujumbe wa sauti, wa mtu asiyejulikana, ukisema ziwa litapasuka saa tisa usiku? Nani hakuutuma mbele kwa shemeji na kwa kwaya nzima? Nilikuwa barabara ya Sake na watu wamebeba magodoro na mbuzi, na nilichokisikia zaidi ya kilio cha watoto ni "inasemekana". Hatari ilikuwa ya kweli, na kuhama kulikuwa haki. Lakini juu ya hatari hiyo tuliongeza hofu tuliyoipika wenyewe, kwa sababu hakuna aliyeuliza: umeyatoa wapi? Swali ni lile lile la Ijumaa jioni. Afadhali mtoto ajifunzie kwa Mwindo, ambako akikosea hakuna anayekufa, kuliko kwa habari za mbele ya mapigano.

Tena msifikiri ni mambo ya maskini wasio na kazi. Huko Marekani mwandishi George R. R. Martin alitoa kitabu cha kwanza cha hadithi yake ya wafalme na majoka mwaka 1996, akaficha ndani yake mama wa kijana mmoja, Jon Snow. Wasomaji walishika vipande, ua hapa, ahadi pale, wakapata jibu miaka mingi kabla televisheni haijalionyesha mwaka 2016. Kitabu cha tano kilitoka 2011, cha sita bado wanakisubiri, na watu wazima wenye kazi zao bado wanabishana. Vijana wa hapa Goma wanabishana nao kwa telefone, kwa megabaiti za kuazima. Siwakatazi hata kidogo. Ninauliza tu kwa nini joka la Martin linaruhusiwa kuulizwa maswali na Kirimu, joka la msitu wetu, haliruhusiwi.

Ujumbe mwingine ulinichoma zaidi. Huo sikuusoma hewani na sitausoma. Mtu anasema Mwindo ni wa Wanyanga, watoto wa Kihunde na wa Kinande wanyamaze. Ndugu yangu, wewe huyo mama mzee umemuuliza? Yeye ndiye Mnyanga katika parseli ile, na ndiye anayewapa mahindi wakati wakijibu. Ndani ya simulizi yenyewe, Watwa ndio wanaokwenda kumwindia Mwindo nyama, na aliyerudi kueleza jinsi Kirimu alivyowameza wenzake ni Mtwa. Ukitaka kuweka kizuizi barabarani, hapo ndani ya simulizi umechelewa.

Kitu kimoja ninamkubalia mwalimu. Kuna dhana za bure. Kijana mmoja alipiga simu akasema kwa Muisa, kule chini Shemwindo alikokimbilia, ni ndani ya Nyiragongo. Ni tamu kusikia, nami nilitaka iwe kweli. Lakini mlango wa Shemwindo ni mzizi wa kikoka, si mdomo wa volkano. Watoto walimwangusha kwa dakika mbili.

Ijumaa hii, saa kumi na mbili jioni, swali ni la Nkuba. Huyu Radi ni rafiki wa Mwindo, alimsaidia kuichoma Tubondo. Baadaye, Mwindo akishaua Kirimu, Nkuba huyo huyo anamchukua juu mwaka mzima, anateswa na baridi na jua, anaambiwa asiue mnyama tena. Kwa nini watu wa Tubondo walikufa na mbingu ikanyamaza, lakini joka moja likaleta hukumu? Msichana wa shangazi amesema ana jibu, amekataa kuniambia kabla. Papa mwalimu, njoo nawe. Kiti kipo, cha plastiki, mguu mmoja umefungwa kamba.