Kubeba Mtoto Si Aibu

Wahenga walisema, kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Methali hii tumeiandika sana katika insha na kupewa alama nzuri, lakini ni wangapi miongoni mwetu wavulana tunaojua maana yake? Mimi naijua. Hebu nipeni nafasi niwaeleze, na mwenye kutaka kucheka acheke nikishamaliza.

Mimi ni kifungua mimba katika nyumba ya watoto wanne, sote wavulana. Hakuna dada wa kutupiwa kazi. Baba ni mvuvi hapa Malindi, na mama hutandika vyumba katika hoteli moja huko Watamu. Kitinda mimba wetu ana mwaka mmoja na nusu.

Kila mwenye kuishi pwani hii anajua kwamba maisha yetu yanafuata pepo. Kaskazi ikivuma, hasa Desemba mpaka Machi, bahari hutulia na wavuvi huenda dago, hata wiki mbili hatumwoni baba. Wakati huo huo watalii ndio hujaa, kwa hivyo mama hupanda matatu alfajiri na kurudi baada ya isha. Kusi ikiingia, bahari huchafuka, madau hupandishwa mchangani, na hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi au hufunga kwa muda. Basi kwetu mambo ni hivi: wakati wa kaskazi tuna kitoweo lakini hatuna wazazi, na wakati wa kusi tuna wazazi lakini hatuna kitoweo.

Kaskazi iliyopita mlezi nilikuwa mimi. Alfajiri nikoroge uji, nimwogeshe mtoto, nimpeleke kwa nyanya mmoja jirani yetu, kisha mbio shuleni. Jioni nikamchukue. Akikataa kutembea namfunga mgongoni kwa leso ya mama. Ah, hapo sasa! Nikipita sokoni nasikia wenzangu wananiita, "Yaya huyo! Harusi yako lini?" Baadhi yenu mnaosoma hapa mlikuwamo. Sitaji majina.

Nakiri kwamba maneno hayo yaliniuma. Siku moja niliwaona kwa mbali, nikamfungua mtoto upesi, nikamweka chini na kujifanya ninatembea peke yangu. Nilikwenda hatua kumi hivi. Niliposikia breki na kugeuka, tuktuk ilikuwa imesimama mbele ya mtoto, ameanguka, goti linatoka damu. Dereva alinitukana matusi ya nguoni, na haki alikuwa nayo. Nilimbeba ndugu yangu mpaka nyumbani huku nikitetemeka. Tangu siku hiyo sijamweka chini kwa sababu ya kicheko cha mtu.

Lakini msidhani ulezi ni tabu tupu. Mna raha yake pia. Nikisoma Kemia usiku, yeye hushika kalamu akachora mistari kwenye daftari langu, na mwalimu mmoja alishaniuliza, "Hii nayo ni fomula gani?" Jina langu alilitamka kabla ya maneno mengi, ingawa hulikata nusu. Kuna usiku alishtuka akalia, mama akainua mikono ampokee, naye akampita akaja kwangu. Nilifurahi. Kisha nikamwona mama amesimama tu, mikono bado iko wazi, nami furaha ikaniisha. Nikajua kwamba kazi inayomlisha mtoto ndiyo inayomnyang'anya mama yake.

Wako wanaosema kulea ni kazi ya wanawake, ndiyo mila. Mimi nauliza: mama akienda kazini, mwanamke huyo atakuwa nani? Ni msichana mnayeketi naye darasani! Mtoto akipata homa, ni yeye anayekosa shule, na sisi kaka zake tupo uwanjani tunacheza kandanda. Halafu matokeo yakitoka tunasema ati wasichana hawana bidii. Hata Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi, na kwamba jukumu la mama na la baba ni sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Ikiwa baba ana sehemu sawa, mwanawe wa kiume ajifunzie wapi kama si nyumbani?

Sisemi mtoto ndiye alee mtoto. La hasha! Sisi pia ni wana wa watu na tunahitaji muda wa kusoma. Kusi ilipoingia, baba alikuwa nyumbani, lakini mtoto akilia alisema, "Mpeleke kwa mamake." Na mamake alikuwa ametoka kutafuta kibarua cha kufua. Asubuhi moja nilimweka mapajani mwake nikasema, "Baba, samahani, nachelewa shule." Nikaenda zangu kabla hajanijibu. Jioni niliwakuta pwani, mtoto ameketi mabegani mwa baba, anaonyeshwa madau. Leso baba aliikataa kabisa, lakini mabega alikuwa nayo siku zote.

Kabla sijakunja jamvi, nina maombi matatu. Wavulana wenzangu, mshike zamu nyumbani, na mkimwona mwenzenu amebeba mtoto, msaidieni mkoba badala ya kumzomea. Walimu wetu wapendwa, mwanafunzi akichelewa, muulizeni kwanza amemwacha nani nyumbani, ndipo mumwadhibu. Na nyinyi wazazi mtakaosoma jarida hili, kusi ikiwarudisha nyumbani, msikae barazani tu. Mtoto amewangoja tangu kaskazi.

Mkono mmoja haulei mwana. Sasa mwenye kucheka na acheke, lakini akimaliza aje anisaidie kumbeba, maana kijana wetu anazidi kuwa mzito.

Mwanachama, Kidato cha Tatu