Mashine na Matunzo Yake: Mabomba Mawili Yasiyosema Sawa

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya ugonjwa wa injini, mara nyingi, ni sauti yake. Mwenye pikipiki ya silinda moja, kama zilivyo nyingi za bodaboda nchini Kenya, hana sauti mbili za kulinganisha. Lakini mwenye pikipiki ya silinda mbili, yenye bomba la moshi kila upande, huweza siku moja kusikia bomba la kulia likinena kwa nguvu na la kushoto likinong'ona. Jambo hili huwapata hasa wale waliobadilisha pikipiki zao, wakatoa sailensa za kiwandani na kutia nyingine nyepesi ili mashine ipumue na kuvuma. Yawapasa kujiuliza swali moja: je, hiyo ndiyo sauti ya asili ya injini, ama ni ugonjwa? Anayekosea katika kujibu aweza kuilipia injini nzima.

Kwanza hapana budi ijulikane injini iliundwa isemeje. Katika injini ya mapigo manne, kila silinda huwasha petroli yake mara moja katika mizunguko miwili, yaani digrii 720. Triumph Speed Twin, pikipiki ya Kiingereza iliyobuniwa na Edward Turner na kutolewa mwaka 1937, ina pistoni mbili zinazopanda na kushuka pamoja, lakini huwasha kwa zamu, moja kila baada ya digrii 360. Sauti yake huenda sawasawa, kama kinu kinachotwangwa na watu wawili wanaopokezana kwa kipimo kimoja.

Si injini zote zilizo hivyo. Harley-Davidson ya Marekani ina silinda mbili zilizopanuka kwa pembe ya digrii 45, na baina ya pigo na pigo hupita digrii 315, kisha 405. Kwa hiyo sauti yake huchechemea tangu ilipozaliwa. Mwaka 1994 kampuni hiyo iliomba serikali ya Marekani iiandike sauti hiyo kuwa alama yake ya biashara, kisha ikaliondoa ombi lake mwaka 2000. Hata Triumph wenyewe wamegeuka. Bonneville T120 iliyotolewa mwaka 2016 ina mapigo ya digrii 270 na 450, hali ile ya mwaka 1959, yenye jina lilo hilo, ilikuwa na mapigo yaliyo sawa. Basi anayempelekea fundi Bonneville ya 2016 kwa sababu mapigo yake hayafuatani kwa kipimo kimoja, anampeleka mzima hospitali.

Hapa pana tofauti ambayo wengi huisahau. Nafasi kati ya mapigo ni jambo moja, na nguvu ya mapigo ni jambo jingine. Nafasi huwekwa na kiwanda, na hakuna bisibisi iwezayo kuibadili. Lakini nguvu ikipungua upande mmoja, au pigo likikosekana mara kwa mara, silinda hiyo haifanyi kazi yake, hata injini ikiwa ya namna gani.

Bonneville ya 1959 yafaa kuwa mfano, kwa kuwa ilipendwa sana na vijana wa Uingereza waliopenda kubadilisha mashine. Injini yake ni ya ujazo wa 649, nayo ina kabureta mbili, moja kwa kila silinda. Kwa hiyo kila upande hula chakula chake peke yake, na upande mmoja waweza kushiba huku mwingine una njaa. Sailensa nzito ya kiwandani huifunika tofauti ndogo, na mwenyewe hupanda kwa miaka bila kujua. Anapoiondoa, kosa la zamani husikika kwa mara ya kwanza, naye hudhani limeletwa na bomba jipya.

Mara nyingine bomba jipya kweli huleta kosa. Moshi ukitoka kwa wepesi zaidi, na hasa chujio la hewa nalo likiwa limebadilishwa, hewa nyingi huingia wakati tundu la petroli liitwalo jeti ni lile lile la zamani. Mchanganyiko huwa na hewa nyingi na petroli kidogo, na silinda hupata joto kupita kiasi. Mwendo wa namna hiyo huweza kuunguza valvu na hata kutoboa pistoni. Kwa bahati mbaya mashine huwa ingali ikienda, na sauti yake kubwa humpendeza kijana, akadhani ni nguvu. Sauti kubwa si nguvu.

Uchunguzi na uanze na yale yasiyogharimu kitu. Mwenye pikipiki asimame nyuma yake, katikati kabisa, kwani aliye upande mmoja husikia bomba lililo karibu naye kuliko jingine. Kisha achunguze bomba linapoingia katika kichwa cha silinda. Masizi meusi mahali hapo huonyesha kwamba moshi unavuja, na milipuko midogo wakati wa kupunguza mwendo huenda ikawa inatokana na hewa iingiayo kwenye ufa huo. Ikiwa umbo la sailensa laruhusu, ya kulia iwekwe kushoto na ya kushoto kulia. Sauti ikihama pamoja na sailensa, injini haina kosa.

Sauti isipohama, injini iwashwe ikiwa baridi, na baada ya muda mfupi tone la maji lidondoshwe juu ya kila bomba karibu na silinda. Mahali maji yanapochelewa kuchemka, silinda hiyo haiwashi vema. Ndipo plagi zitolewe. Rangi ya kahawia hafifu ni njema, nyeupe huonyesha njaa ya petroli, na masizi makavu meusi huonyesha petroli nyingi mno. Plagi zibadilishwe pande. Kosa likiifuata plagi, dawa yake ni plagi mpya.

Zikibaki kabureta, zitazamwe waya zake mbili. Mkono ukizungushwa kidogo, vizibo vya ndani sharti viinuke pamoja. Waya mmoja ukilegea, upande mmoja hutangulia, na tofauti husikika sana injini inapokwenda polepole, kisha hupungua mwendo unapozidi. Mwisho ni nafasi za valvu, ambazo katika T120 hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, inchi 0.002 kwa valvu ya kuingiza na inchi 0.004 kwa ile ya kutolea moshi. Katika zile zilizotengenezwa tangu 1963, kila silinda ina kifaa chake cha kukatia umeme, na vyote viwili huwekwa sawa, kila kimoja kwa kipimo chake.

Jambo kubwa kuliko yote ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kukiandika. Aliyetia jeti mpya, plagi mpya na waya mpya kwa siku moja hawezi kujua ni kipi kilichoponya, na sauti ikiharibika tena baada ya mwezi hana pa kuanzia. Mwenye daftari na kalamu hutumia fedha kidogo kuliko mwenye mkoba uliojaa vipuri.

Kwa hiyo atakayeibadilisha pikipiki yake na aisikilize vizuri kabla hajafungua nati ya kwanza, ili baadaye ajue lililo jipya na lililo la kale. Na akisikia upande mmoja umedhoofika, asingoje hata mwisho wa mwezi. Kufunga waya uliolegea ni kazi ya robo saa, bali pistoni iliyotoboka huchukua mshahara. Usipoziba ufa utajenga ukuta.