Kabla ya Mashine ya Figo, Katavi Ipime Minyoo

Mgonjwa wa figo akitaka kuanza kusafishwa damu, kwa kawaida hupimwa kwanza homa ya ini aina ya B na C, pamoja na virusi vya UKIMWI. Magonjwa hayo huambukizwa kwa damu, na mashine moja huhudumia wengi kwa zamu. Minyoo na vimelea vingine havimo kwenye orodha. Kwa mkoa kama Katavi, hilo ni pengo.

Mkoa huu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, una mashamba ya mpunga Mwamkulu na Mpimbwe, na wavuvi wa Karema na Ikola kwenye Ziwa Tanganyika. Una pia familia nyingi za wakulima na wafugaji zilizohamia kutoka Shinyanga na Mwanza, ambako kichocho cha mkojo kimekaa miaka mingi. Kichocho hicho chenyewe huua figo. Mayai yake huacha makovu kwenye kibofu na mirija ya mkojo. Mkojo hukosa njia, hurudi juu na kuivimbisha figo.

Figo zikishindwa, kinga ya mwili nayo hulegea, hata kwa anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Baadhi ya tafiti za Brazil, Uturuki na Iran zimekuta vimelea vya tumboni zaidi kwa wagonjwa hawa kuliko kwa watu wenye afya.

Chukua minyoo ya safura. Hufyonza damu utumboni, wakati figo zilizochoka hazitoi tena homoni ya kutosha ya kuchochea utengenezaji wa chembe nyekundu. Mgonjwa hupungukiwa damu kwa njia mbili. Akiongezewa damu isiyopimwa vizuri, anaweza kupata malaria humo humo.

Hatari zaidi ni mnyoo uitwao Strongyloides, unaoweza kujificha mwilini kwa miongo kadhaa. Mgonjwa akipewa dawa za kushusha kinga, kama prednisolone, mnyoo huo huzaana, husambaa mwilini na unaweza kuua. Tangu upandikizaji wa figo uanze katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, dawa hizo zimekuwa sehemu ya maisha ya Watanzania wengi zaidi.

Wapo watakaosema kipaumbele ni maji, na wana hoja. Awamu moja ya kusafisha damu hutumia takriban lita 120. Huko Caruaru, Brazil, mwaka 1996, maji yenye sumu ya mwani yaliua wagonjwa zaidi ya 50. Mitambo ya maji ni ghali na haina mbadala. Kipimo cha choo na mkojo, kinyume chake, hutumia hadubini ambayo vituo vingi vya afya tayari vinayo. Kwa kuwa kipimo cha kawaida mara nyingi hukosa kuiona Strongyloides, anayekaribia kushushwa kinga afikiriwe kupewa dawa ya ivermectin mapema.

Kingatiba ya minyoo na kichocho hulenga zaidi wanafunzi. Mkulima wa miaka 50 anayeshinda kwenye majaruba hana siku yake. Pa kuanzia ni kliniki za presha na kisukari mjini Mpanda, ambako wengi wenye figo dhaifu hupita mapema, na kipimo cha choo na mkojo kiingizwe kwenye kitita cha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023.